Aliyerudi Kumfuata Mwenzake

Kama umeketi barazani Ujiji baada ya magharibi, kama uko Kibirizi unangoja boti ya vijiji vya kaskazini, kama uko Katonga unaweka sawa nyavu na taa kabla hujaingia Ziwa Tanganyika kutafuta dagaa, au kama uko ng'ambo, Kalemie au Uvira, na sauti hii inakufikia, karibu tuzungumze.

Leo nataka kumzungumzia askari mmoja kijana. Hakuzaliwa Kigoma, wala hakuwa Mtanzania. Alikuwa Mmalawi, cheo chake praiveti, cheo cha chini kuliko vyote jeshini, askari asiye na V hata moja kwenye sare yake. Jina lake Chancy Chitete. Mwezi Novemba 2018 aliuawa huko Kongo akimwokoa koplo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wengi wetu huku hatulijui jina hilo. Mimi naamini kila mtoto anayesoma katika mkoa huu anapaswa kulijua, na jioni hii nitakueleza sababu zangu.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka bandari ya Kigoma ukafuata maji kuelekea kaskazini utafika Uvira. Kutoka Uvira unapanda bonde la mto Ruzizi hadi Bukavu, unavuka Ziwa Kivu hadi Goma, kisha barabara inakupeleka juu zaidi, Butembo, halafu Beni, karibu na milima ya Ruwenzori na mpaka wa Uganda. Ni safari ndefu, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo Kiswahili hakikufikishi. Vitenge tunavyovaa vimepita njia hizo. Ndugu zetu wengi wamepita njia hizo.

Pembeni ya Beni kuna msitu mkubwa, na ndani ya msitu huo kwa miaka mingi wamejificha waasi wa ADF. Kundi lao lilianzia Uganda miaka ya 1990, likahamia upande wa Kongo. Tangu Oktoba 2014 wananchi wa Beni wameuawa usiku majumbani na mchana mashambani, wengi wao kwa mapanga na shoka. Mama anakwenda kuchimba muhogo, harudi. Kijiji kinalala salama, asubuhi kinahesabu maiti.

Kwa ajili ya mambo ya namna hiyo, Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ndani ya kikosi chake cha kulinda amani Kongo, MONUSCO. Tumezoea kuiita FIB, brigedi ya kujibu mashambulizi. Walinda amani wa kawaida husubiri kushambuliwa ndipo wajitetee. Brigedi hii ilipewa ruhusa ya kuwafuata wenye silaha walikojificha. Nchi tatu zilitoa askari: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kabla mwaka 2013 haujaisha, waasi wa M23 waliokuwa wameitikisa Goma walishindwa. Ushindi huo ulikuwa na gharama. Agosti mwaka huo karibu na Goma tulimpoteza Meja Khatib Mshindo. Oktoba, huko Kiwanja, tukampoteza Luteni Rajabu Mlima.

Sasa tusogee hadi mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti mwaka huo serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika historia ya nchi hiyo, na Beni ikawa moja ya vitovu vyake. Ebola huzuiwa kwa kazi ya miguu. Mhudumu wa afya anafika nyumba ya mgonjwa, anamwandika kila aliyemgusa, anawachanja, kisha anarudi kuwatazama kila siku kwa siku 21. Palipo na bunduki hafiki. Na siku asipofika, ugonjwa unachukua kifurushi chake na kusafiri. Waasi wa ADF walikuwa wakishambulia hadi pembezoni mwa mji wa Beni, na kila waliposhambulia, kazi ya chanjo ilisimama.

Ndipo ikapangwa operesheni ya kuwatoa ADF katika ngome yao mahali panapoitwa Kididiwe. Walikwenda askari wa serikali ya Kongo pamoja na walinda amani, Wamalawi na Watanzania. Tarehe 14 Novemba 2018 mapigano yakapamba moto. Waasi walikuwa wameuzoea msitu ule, na risasi zilikuja kwa wingi kiasi kwamba walinda amani ikabidi warudi nyuma.

Katika kurudi nyuma huko, koplo wa Tanzania akapigwa. Aliumia vibaya, hakuweza tena kujisogeza. Wenzake walikuwa wanasogea, adui anasogea pia, na yeye amelala pale mahali peupe ambapo kila mwenye bunduki alimwona. Praiveti Chitete akamwona. Akamfuata. Akamburuta hadi mahali penye afadhali, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo, risasi zikampata yeye. Koplo wa Tanzania alipona. Praiveti wa Malawi alikufa.

Naomba tusiiharakishe sehemu hii. Kusema kwamba mtu alikuwa jasiri ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi, masikio yetu yamechoka kulisikia neno hilo. Hebu tutazame kitendo chenyewe kinadai nini.

Askari anaporudi nyuma chini ya risasi, kila kitu alichofundishwa kinamwelekeza upande mmoja: ajifunike, apige, asogee, ajifunike tena. Uhai wake uko katika bunduki yake na katika kuendelea kusogea. Anayekwenda kumchukua majeruhi anaviacha vyote viwili. Anageuka kuelekea kule risasi zinakotoka. Anashika mtu mzima, tena mwenye buti, kofia ya chuma, vazi la kujikinga na risasi na mzigo wa risasi zake, uzito ambao watu wawili wangeutolea jasho. Mikono ikimshika mwenzake, haiwezi kushika bunduki. Anakwenda polepole, ameinama, hawezi hata kujibu.

Akishafika penye kificho, kishawishi kinachofuata ni kikubwa kuliko cha kwanza. Mtu ameshamburuta mwenzake, ameshafanya zaidi ya alichodaiwa, na angeweza kusema: wengine watamalizia. Lakini mwenye jeraha linalovuja damu nyingi hana muda wa kungoja. Damu ikiachwa dakika chache, mtu ameondoka. Lazima mkono wa mtu ukandamize pale panapovuja, afungwe, asemeshwe asipoteze fahamu. Chitete alichagua kubaki na kufanya kazi hiyo. Alipigwa risasi akiwa anahudumia jeraha la mtu mwingine.

Siku ile walikufa walinda amani saba. Sita walikuwa Wamalawi, mmoja Mtanzania. Wengine wengi walijeruhiwa. Nawakumbuka wote saba, na familia zao, na sitaki sifa ya mmoja iwafunike sita. Namtaja Chitete kwa sababu kitendo chake kilionekana na kuandikwa, na kupitia kwake tunaweza kuelewa walivyokuwa wakiishi na kufa wenzake katika msitu ule.

Tarehe 24 Mei 2019, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, Katibu Mkuu António Guterres alitoa nishani kwa ajili ya Chitete, na familia yake ikaipokea. Nishani yenyewe inaitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne, na ndiyo ya juu kabisa ambayo Umoja wa Mataifa humpa mlinda amani kwa ujasiri. Mbaye Diagne alikuwa Msenegali. Mwaka 1994 alikuwa Kigali, hana kikosi cha kuamuru. Kazi yake ilikuwa kutazama na kuandika ripoti. Mauaji ya kimbari yalipoanza, alianza kwa kuwaokoa watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye alikuwa ameuawa Aprili 7. Baada ya hapo aliendelea siku hadi siku, akiwapakia watu wachache wachache ndani ya gari na kuwapitisha kwenye vizuizi vya wauaji, kwa maneno ya upole na kwa ucheshi wake, mpaka waliookoka mikononi mwake wakafikia mamia. Mei 31 kombora liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi, akafa. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake limewekwa juu ya kifua cha kijana wa Malawi. Nishani iliundwa na Baraza la Usalama mwaka 2014, ikakabidhiwa kwa mara ya kwanza kwa familia ya Diagne mwenyewe mwaka 2016.

Msikilizaji wangu, unaweza kuniuliza: hayo ni ya Kongo, ya Malawi na ya New York. Sisi wa Kigoma yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwanza kwa sababu ya yule koplo. Yeye ni wetu. Alivaa bendera yetu begani. Aliyeokoa maisha yake ametuokolea sisi kitu.

Pili, yanatuhusu kwa sababu ya ziwa hili. Ukubwa wake tunaujua: lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachokaribia mita 1,500, na nchi nne zinaligawana, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Maji mengi kiasi hicho hayajawahi kututenganisha na ng'ambo. Uliza Ujiji. Wamanyema wa Ujiji, asili yao ni magharibi ya ziwa. Wabembe wako pande zote mbili. Kuna nyumba Mwanga na Gungu ambazo msiba ukitokea Uvira, matanga yanakaliwa hapa.

Kila Kongo na Burundi zilipowaka moto, sisi ndio tuliofungua mlango. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mpaka leo kuna watu wazima ndani yake waliozaliwa humo na kuwapata watoto wao humo. Mei 2015 Warundi walimiminika katika kijiji cha Kagunga, kamba nyembamba ya ufuko kati ya milima na maji, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba ikafanya kazi ya kuwahamishia Kigoma mjini. Tuliwaona wakishuka bandarini. Tuliuona uwanja wa Lake Tanganyika ukiwa umejaa watoto waliolala chini. Mkoa huu unajua vita vinafanya nini kwa mtu asiyeshika bunduki, kwa sababu mtu huyo hufikia kwetu.

Tatu, kuna ile Ebola. Operesheni ya Kididiwe ilikuwa pia ya kuwafungulia njia wahudumu wa afya. Fuata ramani niliyokupa mwanzoni. Julai 2019 ugonjwa ulifika Goma. Agosti ukaingia Kivu Kusini, mkoa uleule ulio na Uvira, mji ambao mitumbwi na meli zake huja hapa kwetu. Ulikuwa unashuka kwa njia ileile tunayoijua. Kabla haujatangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200 huko Kongo. Kila siku ambayo mhudumu wa afya aliweza kufika kijijini Beni ilikuwa siku ya usalama kwa Kigoma pia. Wale askari waliokufa msituni walikuwa wakilinda watu wa Beni, na nyuma ya watu wa Beni tulikuwepo sisi.

Na kuna jambo la nne, ambalo ndilo linaloniuma mimi zaidi. Tanzania na Malawi zina mgogoro wa mpaka. Katika Ziwa Nyasa, sisi tunasema mpaka unapita katikati ya maji. Malawi inasema unafuata ufuko wa upande wetu, kwa mkataba ambao Waingereza na Wajerumani waliandikiana mwaka 1890 bila kumwuliza mvuvi hata mmoja. Mwaka 2012, kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi ndani ya ziwa hilo, maneno yalikuwa makali sana, hadi watu mitaani wakaanza kuzungumzia vita. Mwaka uliofuata vijana wa nchi hizohizo wakapelekwa Kongo, wakavaa kofia za rangi moja ya buluu, wakala chungu kimoja. Na miaka michache baadaye kijana wa Malawi akamwona kijana wa Tanzania amelala chini mbele ya bunduki za adui. Hakuuliza ziwa ni la nani. Wazee wetu walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Pale Kididiwe methali hiyo ilitekelezwa kwa damu, na nadhani wakubwa wetu wa pande zote mbili, kila wakikaa mezani kuzungumzia mpaka, wangefanya vema kuanza kwa kumkumbuka Chitete.

Nisikwepe upande wa pili wa jambo hili. Ipo methali nyingine ambayo bibi zetu wa Ujiji hawakuacha kutuambia, hasa sisi tuliokuwa wepesi wa kukimbilia ugomvi: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni methali ya mzazi. Inasema, mwanangu, rudi nyumbani ukiwa hai, hata wakikucheka. Na haisemi uongo. Nyumba ya Chitete ilipata kilio. Mkewe akawa mjane. Nishani haipiki ugali wala haimpeleki mtoto shule mkono kwa mkono. Mwenye kusifu ujasiri wa vitani na asiutaje msiba unaobaki nyumbani anawadanganya vijana.

Desemba 7, 2017, karibu mwaka mmoja kabla ya Kididiwe, kilio kilikuja kwetu. Waasi walivamia kambi ya Watanzania karibu na daraja la mto Semuliki, hukohuko Beni. Mapigano yalianza jioni na kuendelea usiku kwa saa nyingi. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa, na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Tulizipokea maiti Dar es Salaam majeneza yakiwa yamefunikwa bendera. Nani anaweza kumwambia mama wa mmoja wao kwamba methali ya kilio na kicheko ni ya kizamani?

Lakini sikiliza. Methali hii inazihesabu nyumba mbili tu, nyumba ya shujaa na nyumba ya mwoga. Ipo nyumba ya tatu. Ni nyumba ya yule aliyeokolewa. Siku ile ya Novemba, huku Tanzania kulikuwa na familia ambayo ilikuwa karibu kuletewa jeneza, ikaletewa habari kwamba kijana wao ameumia lakini yu hai. Kilio kilichokwenda Malawi ndicho kilichozuia kilio kisije kwao. Familia hiyo ikicheka leo, kicheko chake hakikutoka kwa mwoga. Kilitoka kwa shujaa, na shujaa huyo alikilipia.

Kwa hiyo kijana unayenisikiliza, hasa wewe unayefikiria kwenda JKT na baadaye jeshini, sikuambii ukatafute kifo. Chitete hakutafuta kifo. Alitafuta uhai wa mwenzake, na kifo kikamkuta njiani. Tofauti hiyo ni kubwa. Kuna ujasiri wa mtu anayetaka kuonekana, na huo mara nyingi huwatia wenzake matatani. Ujasiri wa Kididiwe ulikuwa wa mtu aliyejisahau. Ujasiri huo unaujua tayari, maana baba yako mvuvi anao: mtumbwi wa jirani ukipinduka katika upepo wa usiku, anageuza wake na kuurudia, ingawa na yeye ana watoto nyumbani.

Nimalizie kwa habari ya kumbukumbu, kwa sababu ardhi hii ya Kigoma imeshapoteza mashujaa wengi kwa kutoandikwa.

Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipofika ufukweni hapa, Wajerumani walikimbia. Meli yao ya Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu, waliizamisha wenyewe tarehe 26 ili isichukuliwe. Siku chache baadaye askari wa Kongo, wakiongozwa na Wabelgiji, wakaingia Kigoma, kisha Ujiji, wakafuata reli hadi Tabora, ambako waliingia Septemba 19. Majina ya makamanda wa Kizungu yako vitabuni, na meli yenyewe imeandikiwa vitabu. Je, askari Mwafrika aliyembeba mwenzake mgongoni katika vita vile, jina lake liko wapi? Wapagazi waliokokotwa vijijini kubeba risasi na kuwabeba majeruhi kwa machela, majina yao yako wapi? Kwa upande wa Waingereza peke yake, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vinapita 90,000, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Naamini katika maelfu hayo walikuwepo akina Chitete wengi. Hatuwezi kuwataja. Nafasi hiyo ilishapotea, na aliyeipoteza hakuwa adui. Ilipotea kwa sababu hakuna aliyeona kwamba majina yale yana thamani ya wino.

Nafasi ya sasa haijapotea. Majina ya Semuliki yapo. Majina ya Kididiwe yapo, ya Wamalawi sita na ya Mtanzania mmoja. Yapo ya Darfur, ambako Watanzania saba waliuawa Julai 13, 2013. Na vita vya Kongo havijaisha: Januari 2025 Goma ilipotekwa, walinda amani wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walikuwemo tena katika waliokufa. Mataifa yaleyale matatu.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayasema kwa heshima.

Kwa viongozi wa mkoa wetu: kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa linaweka mkuki na ngao kwa ajili ya waliokufa wakiilinda nchi. Siku hiyo hapa Kigoma, kwenye lango la Kongo, yasomwe majina ya walinda amani wetu waliofia ng'ambo. Na baada ya majina yetu, lisomwe la Praiveti Chancy Chitete wa Malawi, mgeni aliyekufa kwa ajili ya mtu wetu. Hakuna sheria inayokataza kumheshimu shujaa wa jirani.

Kwa walimu: kipindi kimoja cha historia au uraia kinatosha. Chora ramani ubaoni, kuanzia Kigoma hadi Beni, kisha waeleze watoto kilichotokea Kididiwe. Hawatasahau.

Kwa wapenzi wa soka: timu ya jeshi iliyo hapa kwetu, tunayoijazia uwanja wa Lake Tanganyika kuishangilia, inaitwa Mashujaa. Tusimame kimya dakika moja, angalau mechi moja kwa mwaka, kwa ajili ya waliostahili jina hilo.

Na kwako wewe jirani wa mtu aliyerudi kutoka Kongo au Darfur, awe amerudi na jeraha la mwili au na jeraha ambalo halionekani, awe hapendi kelele, awe anaamka usiku: usimcheke, wala usimsukume akusimulie. Mpe nafasi mezani, mpe kazi anayoiweza. Mjane wa askari usimwache akatafute haki yake peke yake ofisi hadi ofisi. Yupo kijana wetu aliye hai leo kwa sababu askari mmoja alikataa kumwacha peke yake. Deni hilo hatuwezi kuilipa Malawi lote kwa mara moja. Tuanze kulilipa hapa Kigoma, kwa kutomwacha mtu wetu nyuma.